Kidonda Kidogo Juu ya Kiungo: Namna Dawa Inavyofikishwa Mguuni mwa Farasi wa Kazi

Mazungumzo ya leo yanahusu farasi wa kazi, na yanahusu sehemu moja tu ya mwili wake, nayo ni kiungo cha mguu. Yataeleza kwa nini jeraha dogo lililo karibu na kiungo huweza kumwangusha mnyama mwenye uzito wa kilo 500, kwa nini sindano ya kawaida mara nyingi haitoshi kumwokoa, na ni njia gani waliyoipata madaktari wa mifugo ya kuifikisha dawa mahali penyewe alipojificha adui.

Huenda wapo watakaouliza farasi ana kazi gani katika zama hizi za magari, helikopta na ndege zisizo na rubani. Jibu ni kwamba kazi bado anayo. Katika Lesotho, nchi ya milima mirefu, polisi wa taifa mpaka leo wanabeba katika jina lao rasmi sifa ya wapanda farasi. Mjini London polisi wapanda farasi hutumika kuongoza makundi makubwa ya watu siku za mpira na za maandamano. Katika Kenya, kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kimetumia farasi na ngamia mahali ambapo gari haliwezi kupita. Aidha yupo punda, ndugu wa farasi, abebaye maji, kuni na nafaka katika vijiji visivyo na idadi. Mguu wa punda umeumbwa kwa mpango ule ule, na hatari inayomkabili farasi inamkabili yeye pia.

Historia ya nchi hizi za Afrika Mashariki inatoa fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1916 majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, yakiongozwa na Jenerali Jan Smuts na Jenerali van Deventer, yaliingia katika koloni la Wajerumani na kusonga mbele hadi Kondoa Irangi. Farasi walikufa kwa maelfu katika vita vile, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na mbung'o, na maradhi mengine, na njaa, na uchovu. Mpanda farasi aliyeianza safari akiwa juu ya tandiko aliimaliza akitembea kwa miguu. Fundisho ni kwamba jeshi hupoteza wanyama wake zaidi kwa mambo madogo yaliyopuuzwa kuliko kwa mizinga ya adui. Kidonda juu ya kiungo ni mojawapo ya mambo hayo madogo.

Ili kuielewa hatari yenyewe, ni lazima kwanza kuutazama mguu. Kuanzia goti la mbele kushuka chini, mguu wa farasi hauna nyama. Una ngozi, kano, mifupa, mishipa na kwato, basi. Kwa hiyo viungo vyake havina kinga ya mnofu kama vilivyo vya nyonga au bega. Kwenye kifundo, yaani kile kiungo kilicho juu kidogo ya kwato, mfuko wa kiungo umelala karibu kabisa na ngozi. Mwiba, kipande cha seng'enge, ncha ya jiwe au teke la farasi mwenzake huweza kuupasua kwa jeraha lisilozidi upana wa ukucha.

Kiungo chenyewe ni kama chumba kilichofungwa pande zote. Ndani yake ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, na kuta zake zimetandazwa utando mwembamba unaotoa maji ya manjano yenye kunata mithili ya ute wa yai. Maji hayo ndiyo grisi ya kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na maji hayo hayo. Hii ndiyo sababu likishaliwa halioti tena kama lilivyokuwa. Karibu na viungo kuna pia ala zinazozunguka kano, na vifuko vidogo vya maji vinavyozuia kano zisisuguane na mifupa. Vyote hivi ni vyumba vya namna moja, na huugua kwa namna moja.

Vijidudu huingia katika vyumba hivi kwa njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo inayowahusu zaidi askari, ni jeraha. Ya pili ni sindano au upasuaji uliofanywa kiungoni bila usafi wa kutosha, au hata ule uliofanywa kwa usafi lakini kwa bahati mbaya. Ya tatu ni damu, na hii huwapata hasa watoto wa farasi waliozaliwa karibuni. Vijidudu huingia kwa kitovu, tumbo au mapafu, vikasafiri katika damu na kutua viungoni. Mtoto wa farasi anayechechemea asidhaniwe amekanyagwa na mama yake tu. Achunguzwe siku hiyo hiyo.

Vijidudu vikishaingia, mwili hupeleka askari wake, ambao ni chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo balaa linapozidi. Chembe hizo humwaga kemikali kali za kuua vijidudu, lakini kemikali hizo hizo hulila gegedu. Wakati huo huo utandu mzito wa nyuzinyuzi hujitanda ndani ya kiungo, na vijidudu hujificha chini yake kama majambazi waliochimba mahandaki. Vita vinavyopiganwa ndani ya nyumba huibomoa nyumba yenyewe, hata kama mwishoni mwenye nyumba ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo saa zinahesabika. Kiungo kinachotibiwa siku ile ile ya jeraha kina matumaini makubwa kuliko kile kinachosubiri mpaka mwisho wa juma.

Dalili zake ni zipi? Farasi mwenye kiungo kilichoambukizwa sawasawa huchechemea vibaya, pengine asikanyage kabisa kwa mguu ule. Kiungo huvimba na kuwa na joto. Wakati mwingine homa hupanda. Lakini upo mtego ambao umewaponza watunza farasi wengi. Kidonda kikiwa bado wazi, maji na usaha hupata njia ya kutoka, na mnyama huweza kutembea karibu kama mzima siku ya kwanza, hata ya pili. Mtazamaji husema, "Ni mkwaruzo tu." Kisha kidonda hufunga, usaha hukosa mlango, shinikizo hupanda, na asubuhi ya siku ya tatu au ya nne farasi hukutwa amesimama kwa miguu mitatu. Kwa hiyo ukubwa wa jeraha usiwe kipimo, wala mwendo wa farasi wa siku ya kwanza usiwe kipimo. Kipimo ni mahali jeraha lilipo.

Daktari wa mifugo anazo njia za kuondoa shaka. Huchoma sindano kiungoni kwa upande ulio mbali na jeraha, kwenye ngozi iliyo safi, na kuvuta maji kidogo. Maji ya kiungo kizima huwa maangavu na yanavutika kwa uzi kati ya vidole viwili. Chembe nyeupe ndani yake kwa kawaida hazifiki 500 katika milimita moja ya ujazo. Maji ya kiungo kilichoambukizwa huwa na ukungu, mepesi kama maji matupu, na chembe hizo mara nyingi huzidi 30,000. Kisha daktari huweza kuingiza maji safi ya chumvi ya hospitali kwa sindano ile ile. Yakichuruzika kwenye jeraha, shauri limekwisha: chumba kimetobolewa.

Sasa lije swali lenyewe la dawa. Wengi hudhani kwamba farasi akichomwa sindano ya antibiotiki shingoni, kazi imekwisha. Sindano hiyo ni ya lazima, na daktari huitoa, mara nyingi penisilini pamoja na jentamisini. Lakini fikirini safari ya dawa hiyo. Inaingia katika mwili wa kilo 500, inagawanywa kila pembe, kwenye ini, mapafu, misuli na ngozi, ambako hakuna adui. Sehemu ndogo tu hufika chini ya goti. Na mahali penyewe pamevimba, mishipa midogo imebanwa au imeziba, utandu umefunika vijidudu. Ni sawa na kamanda mwenye kikosi kimoja anayekitawanya nchi nzima, askari mmoja kila kijiji, hali maadui wote wamo katika nyumba moja.

Mtu atasema: basi dawa na iongezwe. Hapo kuna ukuta. Jentamisini na amikasini, ambazo ni dawa kali dhidi ya vijidudu vingi vya viungo, huua vizuri zaidi zikiwa nyingi kwa mara moja kuliko zikiwa chache kwa muda mrefu. Madaktari hutafuta kiasi kinachofikia mara nane mpaka kumi ya kile kidogo kabisa kinachozuia vijidudu visizaliane. Lakini dawa hizo zikizidi katika damu huharibu figo. Aidha, antibiotiki nyingi mwilini huweza kuvuruga tumbo la farasi na kumletea kuhara kunakoua. Tena yapo mambo ya gharama. Amikasini kwa farasi mzima wa kilo 500 huhitaji kama gramu 5 kwa siku ikipigwa kwa mwili wote, na hakuna bajeti ya kikosi isiyoliona jambo hilo.

Ufumbuzi ulitoka katika wazo la zamani, na inafaa askari wajue kwamba chimbuko lake limo katika tiba ya vitani. Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyetumikia jeshi katika vita vya mwaka 1870 na 1871 dhidi ya Ufaransa, alitangaza mwaka 1873 matumizi ya bendeji ya mpira ya kukamua damu kutoka mguuni au mkononi na kuizuia isirudi, ili upasuaji ufanywe bila kumwaga damu. August Bier, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alieleza mwaka 1908 hatua iliyofuata: mkono ukishabanwa hivyo, dawa ya ganzi ikiingizwa katika mshipa wa mkono huo hubaki humo humo, na mkono wote hufa ganzi. Njia hiyo bado inatumika kwa wanadamu. Madaktari wa mifugo walilichukua wazo hilo wakabadili dawa. Badala ya ganzi wakaingiza antibiotiki, na tangu miaka ya 1990 njia hiyo imeenea katika hospitali za farasi za Marekani, Ulaya na kwingineko.

Namna inavyofanywa ni hivi. Farasi hupewa dawa ya kumtuliza, naye hubaki amesimama. Neva za mguu hutiwa ganzi, kwa sababu mkanda utakaofungwa una maumivu, na farasi akitikisa mguu dawa huvuja kupita chini ya mkanda. Nywele zilizo juu ya mshipa hunyolewa na ngozi husafishwa sana. Kisha mkanda mpana wa mpira, au mkanda wa hewa kama ule wa kupimia shinikizo la damu, hufungwa juu ya kiungo kinachougua. Kamba nyembamba haifai. Haizibi mishipa ya ndani vizuri. Penye mabonde kati ya mfupa na kano huwekwa mafundo ya shashi, ili mkanda ubane sawasawa pande zote.

Baada ya hapo daktari huingiza sindano nyembamba katika mshipa ulio chini ya mkanda, na polepole, kwa dakika kadhaa, huisukuma dawa. Kwa farasi mkubwa hutumika aghalabu gramu 1 mpaka 2 za amikasini, zikichanganywa na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa mpaka zifikie mililita 60 au 100. Mshipa hujaa. Damu haiwezi kupanda, dawa haiwezi kupanda. Shinikizo huisukuma kupita kwenye kuta za mishipa midogo na kuiingiza katika utando, katika maji ya kiungo, na katika mfupa wenyewe. Mkanda huachwa kwa dakika 20 hadi 30, kisha hufunguliwa, na mguu hufungwa bendeji. Dawa iliyobaki hurudi mwilini kwa kiasi kisicho na madhara makubwa, ingawa daktari mwangalifu huihesabu pamoja na ile ya shingoni. Kazi hurudiwa kila siku au baada ya siku moja, kwa mara kadhaa, kufuatana na hali ya kiungo.

Matokeo yake ni kwamba kiungo hupata dawa nyingi kuliko ambayo ingeweza kufika kwa sindano ya mwili wote, ilhali figo zinapata chini ya nusu ya mzigo. Kikosi hakitawanywi tena nchi nzima. Barabara imefungwa, nyumba imezingirwa, na nguvu yote imeelekezwa kwenye mlango mmoja.

Njia hii ina ndugu zake. Pale ambapo mguu umevimba hata mshipa hauonekani, daktari huweza kutoboa tundu dogo katika mfupa na kuipitisha dawa humo. Mara nyingi pia dawa huchomwa moja kwa moja ndani ya kiungo, hasa baada ya kukisafisha. Iko vilevile njia iliyoanzia kwa wanadamu katika Ujerumani ya miaka ya 1970, ya kuchanganya jentamisini na saruji ya mifupa na kutengeneza punje ndogo kama shanga, ambazo hutoa dawa polepole kwa siku nyingi zikiwa karibu na mfupa. Punje hizo ngumu zinafaa kwa vidonda vya mfupa. Ndani ya kiungo kinachokunjwa na kukunjuliwa zinaweza kukwaruza gegedu.

Lakini lipo jambo ambalo wasikilizaji hawana budi kulishika barabara. Dawa peke yake, hata ikifika mahali penyewe, haitoshi. Usaha, vumbi, nywele na utandu vilivyomo kiungoni ni lazima vitolewe kwanza. Katika hospitali za farasi kazi hii hufanywa kwa kamera nyembamba inayoingizwa kwa tundu dogo, daktari akitazama kila pembe ya chumba huku akipitisha lita nyingi za maji safi ya chumvi. Pasipo na kamera, sindano nene mbili hutumika, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kuyatoa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza habari za farasi 121 waliosafishwa vyumba vyao vya viungo na kano kwa kamera. Tisa katika kila kumi walinusurika, na wengi wao walirudi kwenye kazi zao za awali. Kabla ya njia hizi za kuosha na kuelekeza dawa, farasi wengi wa namna hiyo walipigwa risasi palepale.

Jambo jingine ni mguu ule mzima. Farasi mgonjwa hulemea mguu wa upande wa pili, na ukilemewa kwa siku nyingi tishu zinazoshikamanisha kwato na mfupa huvimba na kuachia. Dunia iliona mfano wake kwa farasi wa mbio wa Marekani aliyeitwa Barbaro. Alishinda mashindano ya Kentucky Derby mwaka 2006, na wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimshughulikia kwa ustadi mkubwa kwa miezi minane. Hatimaye, tarehe 29 Januari 2007, ilibidi auawe kwa huruma, na kilichomshinda ni ugonjwa wa kwato za miguu iliyokuwa mizima. Yeye alikuwa na mvunjiko, lakini sheria ni ile ile kwa kiungo kilichoambukizwa: kila siku ya maumivu katika mguu mmoja ni deni linaloandikwa juu ya mguu mwingine. Hii nayo ni sababu ya kuharakisha tiba.

Je, askari asiye daktari ana wajibu gani? Wajibu wake ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa saa ya kwanza iko mikononi mwake. Kila arudipo doria, ateremke, na kabla hajaenda kula apapase miguu yote minne kwa mkono mtupu, kutoka juu mpaka kwenye kwato. Mkono huona joto na uvimbe ambao jicho halioni. Akikuta jeraha karibu na kiungo au juu ya ala ya kano, farasi asitembezwe tena. Jeraha lioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, lifunikwe kwa kitambaa safi na bendeji, na saa iandikwe. Asipakwe unga wa dawa, wala mafuta, wala spiriti, wala majivu. Vitu hivyo huingia chumbani pamoja na vijidudu na kumzibia daktari njia.

Akikuta msumari umeingia katikati ya kwato, asikimbilie kuung'oa. Picha ya eksirei ikipigwa msumari ukiwa bado mahali pake, daktari ataona umegusa mfupa, kano au kifuko gani. Ikiwa hakuna budi kuung'oa, kwa sababu kila hatua inauzamisha zaidi, basi tundu liwekwe alama, na urefu na mwelekeo wa msumari uandikwe. Wala farasi asipewe dawa ya maumivu kwa siri ili aonekane anatembea vizuri, maana maumivu ndiyo mlinzi anayepiga kengele. Vilevile asichomwe antibiotiki kidogo kutoka chupa iliyobaki kabatini. Kiasi kisichotosha hakiui vijidudu. Huvifundisha kuizoea dawa.

Hilo la vijidudu kuizoea dawa linamhusu binadamu moja kwa moja. Amikasini na jentamisini zinazomtibu farasi ndizo zinazotumika katika wodi za wanadamu. Kijidudu kilichoshinda dawa katika banda la farasi huweza kuhamia mkononi mwa mtunzaji, na kutoka hapo kikaingia nyumbani kwake. Kwa hiyo daktari akichukua sampuli ya maji ya kiungo na kuipeleka maabara ili ajue dawa gani inayofaa, asilaumiwe kwa kuchelewa. Hutibu huku akisubiri majibu. Na kama njia ya mkanda inamwezesha kutumia dawa kidogo mahali padogo, basi inalinda pia wodi ya askari wenyewe.

Tena isisahauliwe pepopunda. Ugonjwa huo umepewa jina linalomtaja punda, na ni kweli kwamba wanyama wa jamii hii, farasi na punda, huupata kwa urahisi kuliko wanyama wengi. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, yaani mahali pale pale kwato zinapokanyaga. Chanjo yake ipo na bei yake ni ndogo. Kikosi chenye farasi wasiochanjwa kinacheza kamari.

Limebaki neno moja kwa wakuu wa vikosi. Katika mabanda mengi jeraha la farasi huchukuliwa kuwa kosa la mpandaji wake. Askari akihofia kukatwa mshahara au kuadhibiwa, atalificha chini ya bendeji na kuomba lipone lenyewe. Siku mbili zitapita, nazo ndizo siku ambazo kiungo kingeokolewa. Afande mwenye busara hutenganisha mambo mawili: uzembe wa kuumiza, ambao huchunguzwa baadaye, na ukweli wa kuripoti, ambao haupaswi kuadhibiwa hata siku moja. Daftari la banda lenye saa, jina la farasi na mahali pa jeraha ni silaha ya tiba kama ilivyo sindano ya daktari.

Si kila farasi ataokolewa. Kiungo ambacho gegedu lake limekwisha kuliwa na mfupa kuoza hakirudishwi na mkanda wala na amikasini, na hapo wajibu wa mwisho wa binadamu ni kumpa mnyama wake mwisho usio na mateso. Hata hivyo wengi wanaofikia hatua hiyo walipita kwanza katika hatua ambayo wangeweza kuokolewa. Sayansi imeshapata njia ya kuifikisha dawa kiungoni. Kilichobaki ni habari ya jeraha kumfikia daktari mapema, na habari hiyo haina mjumbe mwingine ila askari aliyeshika hatamu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiungo cha farasi hata nafasi ya kujenga ukuta haipo. Ufa uzibwe siku ile ile unapoonekana.